Mhina wa Sindeni na Dirisha la Kisima

Babu yangu Mhina alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, wa Sindeni katika nchi ya Handeni, na kama si majembe ya dukani angezeekea palepale kwenye kibanda chao cha kufulia chuma. Majembe hayo yaliletwa na meli kutoka Ulaya hadi Tanga, kisha wachuuzi wakayapandisha mpaka vijijini kwetu, mepesi, yamenyooka, yote sawasawa. Babu aliwaambia watu kwamba yakigonga jiwe yanakunjika. Watu wakamkubalia kwamba ni kweli, halafu wakaenda kuyanunua. Mwaka ule Wajerumani walipofikisha reli yao Mombo, alimwachia kaka yake Athuman kibanda na nyundo ya ukoo, akamchukua mkewe na mtoto wao mdogo Mdoe, akahamia Korogwe kutafuta kazi ya chuma penye chuma.

Mimi sikumkuta. Baba yangu ndiye huyo Mdoe, na haya yote nimeyapata kwa Bibi Mwaija, mke wa Babu, aliyenilea Kilole, hapohapo Korogwe, tangu nikiwa wa kubebwa. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na mmoja, na kazi hiyo humfanya mtu awe mwepesi wa hasira. Nikikasirika humu, mnisamehe.

Karibu na Korogwe palikuwa na misheni iliyokuwa ikijenga kanisa la mawe. Jina lake nitaliacha, wahusika wote wameshakufa. Babu aliitwa pale kufunga vyuma vya kengele, akafunga vizuri, akaambiwa abaki. Aliyembakiza ni Bruda Kaspari, mtawa wa Kijerumani, mrefu, mwashi kwa asili, aliyekuwa na sanduku lake ambalo halikuwa limefunguliwa tangu lishuke Tanga. Ndani mlikuwa na vioo vya rangi. Wakubwa wake walitaka juu ya altare pawe na dirisha la picha, Yesu na yule mwanamke Msamaria wakizungumza kisimani, na Bruda alikuwa amefundishwa kazi hiyo kwao kwa miezi miwili tu kabla ya safari. Kwa hiyo mwanafunzi alikuwa anamfundisha mwanafunzi, jambo ambalo hakuna kati yao aliyelisema kwa sauti.

Siku walipofungua sanduku, nusu ya vitu ilikuwa nzima na nusu imeliwa na maji ya chumvi. Kalamu ya kukatia ilikuwa salama, kijiti cha mbao chenye chembe ya almasi kwenye ncha. Unaipitisha juu ya kioo mara moja tu, kwa mkono usiosita, inaacha mkwaruzo mwembamba unaosikika kuliko unavyoonekana, kisha unakivunja kioo kwa vidole kufuata mkwaruzo. Koleo la kumegea kingo lilikuwa limeshikana kwa kutu. Babu akafua jingine kwa taruma la chuma la reli lililotupwa, na Bruda alipolijaribu akalitupa lile la Ulaya nje ya dirisha. Misumari bapa ya kushikilia vipande visihame juu ya ubao, ile ambayo kwao hutumika kwenye kwato za farasi, haikuwamo kabisa, na Korogwe mbung'o hawakuacha farasi wa kumwomba msumari. Babu akafua misumari sitini. Chuma cha kulehemia akakifanyia kichwa cha shaba, kwa sababu kichwa kilichokuja kilikuwa kidogo mno, na kwa kazi hiyo Bibi alitoa bangili zake mbili nzito za shaba ambazo mama yake alimvika siku ya harusi. Alizitoa bila kuulizwa mara ya pili, lakini hakuacha kuzitaja.

Kitu kilichobaki kilikuwa risasi, yaani yale madini laini ya kijivu, iliyokuja katika fito ndefu nyembamba zenye mfereji huku na huku. Kioo kimoja kinaingia mfereji wa kushoto, jirani yake wa kulia, na fito zinapokutana unalehemu. Kabla ya kulehemu unasugua mahali pale mshumaa wa mafuta ili lehemu ishike. Mwisho unapaka lami ya chokaa na mafuta kwenye mifereji mvua isipenye. Ni hayo tu. Bruda alichora picha nzima kwenye karatasi kwa ukubwa wake, akatia namba kila kipande, na wakaanza na anga.

Anga waliliharibu. Babu alikata kila kipande sawasawa na mchoro, kwa sababu hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyokata, na walipovifunga kwa risasi anga likazidi tundu la ukuta kwa vidole vinne. Kumbe kila kioo kinatakiwa kipungue kidogo kuliko mchoro ili risasi ipate pa kukaa. Bruda alikuwa ameambiwa jambo hilo katika ile miezi miwili, akalisahau. Walitazamana. Halafu Babu akalifungua anga lote, kipande kwa kipande, akaanza upya.

Bibi alisema kitu kilichomshika Babu kilikuwa kidogo tu. Mchana wa siku za mwanzo alimpelekea chakula, akamkuta ameinua kipande chekundu juani na wekundu umemwangukia mkononi. Aliuondoa mkono, akaurudisha, akauondoa tena. Ugali ukapoa. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na Bibi alimwonea aibu kidogo, akageuka asimwone.

Babu alikuwa Mwislamu na alikufa Mwislamu. Wenzake wa msikitini walipomuuliza anatafuta nini kwenye picha za Wakristo, aliwaambia anatengeneza kisima, na kisima hakijawahi kumuuliza mtu dini yake. Hawakuridhika, ila walinyamaza, maana ndiye aliyekuwa akiwanolea mapanga.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Katika kibanda cha Sindeni palikuwa na mwiko mmoja ambao kila aliyevuta mivukuto pale aliujua. Kipande kikishanyanyuliwa kwa kazi hakirudi chini mpaka kazi iishe. Ukikilaza, umeikataa kazi, na mizimu ya wahunzi inakuhesabu umeikataa. Mikono ikijaa, unashika kwa meno. Baba yake Babu alifanya kazi na misumari mdomoni maisha yake yote, na alikufa kwa uzee. Basi Babu naye alipokaa mbele ya ubao wa vioo alishika mdomoni vipande vya risasi, vitatu, vinne, akivichomoa kimoja kimoja kadiri anavyovihitaji, asubuhi mpaka jua linazama. Alimwambia Bibi kwamba risasi ni tamu kidogo.

Fito za Ulaya zilipoanza kupungua akayeyusha mabaki kwenye chungu, akamimina nyingine mwenyewe, ameinama juu ya moshi. Risasi ni sumu. Haiui leo wala kesho, inaingia taratibu na kukaa kwenye mifupa na mishipa. Bruda alimwambia aoshe mikono kabla ya kula, na Babu aliosha, kwani ni nani kwetu anayekula bila kunawa? Lakini hakuna Mzungu aliyewahi kufikiria kumwonya mtu asiweke fito mdomoni, kwa sababu kwao haikumpitikia mtu kuziweka huko. Bruda alimwona akifanya hivyo. Alicheka, akasema amefanana na fundi cherehani mwenye pini. Nimejaribu kumchukia kwa kicheko hicho, na nimeshindwa, maana sidhani kama alijua zaidi ya Babu.

Mwaka wa pili, anga na wale watu wawili wakiwa wamekwisha kupandishwa ukutani, tumbo la Babu lilianza kumkata. Alikuwa akijikunja sakafuni, choo hakitoki, uso umepauka. Ikapita, ikarudi. Kisha asubuhi moja aliinua kalamu ya almasi na vidole vya mkono wa kulia havikunyooka. Kiganja kilining'inia kutoka kwenye kifundo na hakikuwa na maumivu yoyote. Baada ya wiki mbili wa kushoto nao ukafuata. Bruda alimpa dawa ya homa, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo.

Kaka Athuman alikuja kutoka Sindeni kwa miguu. Aliitazama mikono ile, akaigeuza, akaiacha ianguke.

"Uliondoka bila kuaga nyundo," alisema.

Babu hakubisha. Ilikuwa kweli. Anayeiacha kazi ya chuma alipaswa kuketi mbele ya nyundo ya ukoo, kumwagiwa pombe ya mtama mikononi na wakubwa wake, na kuomba ruhusa kwa waliokufa. Yeye aliondoka alfajiri kwa hasira ya majembe.

"Ndiyo hiyo inayokudai," Athuman alisema. "Mikono ni yao. Umeipeleka kucheza na vioo."

"Nifanyeje, kaka?"

"Twende nyumbani. Uombe radhi, ukae. Na hivyo vioo usivishike tena."

Walirudi Sindeni wote. Tambiko lilifanyika wiki ileile, pombe ikamwagwa, Babu akalia mbele ya watu. Halafu akakaa. Alikula mtama na kunde na maboga, akalala mchana, Bibi akalima peke yake. Ulipofika mwezi wa tatu aliinua kikombe. Mwezi wa tano alifunga kamba. Mbuzi alichinjwa. Mwezi wa saba alishika nyundo, akafua kisu kimoja kibaya, na watu wa Sindeni wakakipitisha mkono kwa mkono wakikisifu. Ni nani angewaambia vingine? Walikuwa wameiona dawa ikifanya kazi kwa macho yao. Alipona kwa sababu kwa miezi saba hakuwa na risasi mdomoni, na hapakuwa na mtu hata mmoja kati ya Handeni na Ulaya ambaye angeweza kusimama pale na kulisema hilo.

Mwezi wa nane akaja Fransisko, katekista wa misheni, Msambaa mpole aliyekuwa akimheshimu Babu. Alisalimia, akapewa kigoda, akala, ndipo akasema alichokijia. Bruda Kaspari alikuwa amekufa kwa ile homa ya mkojo mweusi, na walikuwa wamemzika nyuma ya kanisa. Dirisha lilibaki bila sehemu yake ya chini, kisima chenyewe, na lile tundu walikuwa wameliziba kwa mbao.

"Sikutumwa kukuita, Mzee Mhina," Fransisko alisema. "Nimekuja kukupa habari tu. Mapadre wanasema mbao zitabaki, si neno."

"Vioo vya bluu vipo?"

"Vipo kwenye sanduku. Hakuna anayevigusa."

Babu alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi. Siku ya nne alimfuata Bibi shambani.

"Mama Mdoe, umemsikia Fransisko."

"Nimemsikia."

"Nikirudi, mikono itakwenda. Kaka amesema, na mimi naamini."

"Kama unaamini, unaniuliza nini?"

"Nakuuliza wewe kwa sababu ikishakwenda nitakula kwa mikono yako. Nitaoga kwa mikono yako. Ukikataa sitakwenda, na sitakununia."

Bibi aliinama na jembe lake. Alipalilia mstari mpaka mwisho, akapalilia mwingine. Aliniambia kwamba hasira aliyokuwa nayo ilimfanya akate na mtama pamoja na magugu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alimtazama mumewe amesimama pale na mikono yake mizima, akawaza juu ya kumlisha mtu mzima tonge kwa tonge, kila siku, mpaka mmoja wao afe. Usiku huo hakumpikia. Kesho yake walipokuwa wakiteka maji alimuuliza.

"Majembe uliyofua tangu unioe, lipo hata moja?"

"Hakuna. Jembe linalika na udongo."

"Na kisima hicho kitalika na nini?"

Babu alifikiri. "Sijui," alisema. "Sidhani kama kuna kitu."

"Basi twende," Bibi alisema. "Lakini tunakwenda wote, na mtoto. Sitaki kuletewa habari zako na mtu mwingine."

Athuman hakuwaaga. Alikaa ndani ya kibanda na kupiga nyundo mpaka walipopotea.

Kisima kiliwachukua miezi minne. Babu alikata maji kwanza, bluu tatu tofauti, akijua hana muda, na alishika risasi mdomoni vilevile alivyozoea. Zaidi ya alivyozoea, kwa kweli, kwa sababu aliamini kwamba mizimu inamtazama na hakutaka kuikosea hata kwa kulaza kipande chini. Fikirieni hilo. Aliishika sana ile adabu ya kazi ya wazee wake, na kila saa aliyoishika ndivyo alivyozidi kujiua mikono. Hapa ndipo mimi hushindwa kukaa kimya, hata nikiwa peke yangu nyumbani.

Tumbo lilirudi mwezi wa pili. Mkono wa kulia ulianza kulegea mwezi wa tatu, na hakuna aliyeshangaa. Bibi alichukua kitambaa akaufunga mkono ule kwenye kipande cha mbao ili kifundo kisianguke, na juu yake akafunga chuma cha kulehemia. Yeye ndiye aliyepuliza moto, yeye ndiye aliyesugua mshumaa kwenye kila kiungo kabla Babu hajakishukia kwa bega lote. Fransisko aliwakuta hivyo siku moja, mume na mke wameinama juu ya ubao, akatoka bila kusalimia. Lami ya chokaa aliipaka Bibi peke yake. Babu alikuwa amekaa pembeni, mikono yote miwili imelala mapajani, akimwonyesha kwa kidevu mahali alipopasahau.

Walikipandisha kisima mbele ya mapadre wawili na watu wa misheni. Jua la asubuhi lilipofika, maji yalishuka sakafuni mpaka kwenye miguu ya watu wa safu ya kwanza, na mama mmoja akakusanya nguo yake isilowe. Babu alisimama mlangoni, kwa kuwa hakuwa wa mle. Alitazama kwa muda mrefu. Bibi hakulitazama dirisha, alimtazama yeye, na aliniambia kwamba hakuwahi kumwona na uso ule kabla wala baada.

Safari hii mikono haikurudi. Mishipa iliyopigwa mara ya pili ni nadra kusimama. Vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja, vikapita, kanisa likabaki, na Babu akaishi miaka kumi na minane tangu kisima kipande ukutani, akilishwa na Bibi. Alikuwa mtu wa utani, watoto walimpenda. Hakulalamika, na Bibi hakumruhusu mtu yeyote mwingine amshike kikombe.

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza mwaka wa pili wa uuguzi, nimekuja Kilole likizo. Katika kitabu cha shule nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja juu ya mafundi rangi na wayeyusha risasi, na kichwa kilikuwa kikinizunguka tangu siku hiyo. Nilimwamkia Bibi, nikamsaidia kuchambua mchele, kisha sikuweza kungoja zaidi.

"Bibi, fizi za Babu zilikuwaje?"

"Zilikuwa na mstari, mke mwenzangu. Wa bluu, unafuata meno. Umejuaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua, na nilijivuna, sitaficha. Nilidhani ninamwondolea mzigo wa mizimu. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nilipofika Sindeni na ile miezi saba, hapo vidole vikasimama.

"Kwa hiyo tambiko halikumponya."

"Hapana, Bibi. Alipona kwa kuwa hakuwa nayo mdomoni."

"Na kama angerudi kwenye kisima, akafanya kazi ileile, lakini haweki kitu mdomoni?"

"Na asiinamie ule moshi. Pengine angemaliza, Bibi. Na mikono angebaki nayo."

Kila Ijumaa, akitoka kwenye dua zake, Bibi alikuwa na desturi ya kupita lile kanisa likiwa tupu na kusimama nyuma kidogo. Mtoto akimuuliza anaangalia nini humjibu, "Kile kisima nilikitoa mimi." Sisi wajukuu tulikuwa tukimtania kwa hilo. Siku ile ndipo nilipoelewa alichokuwa akikisema, na nilikielewa baada ya kuwa nimekwisha kusema yangu.

"Ningemwambia ateme," alisema mwishowe. "Nilikaa naye pale miezi minne. Nilikuwa karibu naye kama ninavyokaa na wewe hapa."

"Hukujua, Bibi. Hakuna aliyejua."

"Usimwambie baba yako," alisema. "Wala Sindeni usiwaambie. Mizimu ilidai kitu kikubwa, mimi nikakubali kitoke. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikilala. Sasa unaniambia hapakuwa na aliyedai."

Nilitaka kumshika mkono, akauondoa na kuurudisha kwenye mchele. Aliishi miaka sita baada ya hapo, dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye kanisa lile, na hakuingia humo tena.